Taa Zinapofifia
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama tawini)



Tumetakiwa tuseme juu ya taa, nasi hatukusomea umeme. Elimu yetu ni ya chuoni. Lakini mwenye duka hukaa chini ya taa yake tangu magharibi hata saa nne za usiku, na kila ipungukapo huiona.

Jua likizama, nyumba zote zikawasha, globu ya dukani petu huwa nyekundu kama kaa linalokufa. Friji ya jirani ikianza kuvuma, taa hunywea, kisha hurudi. Usiku wa manane, watu wamelala, hung'aa kupita kiasi. Bibi mmoja, mteja wetu, ameiita taa ya kwikwi. Tulipokwenda kushitaki tuliambiwa globu zetu ni mbovu. Je, globu za mtaa mzima huugua saa moja?

Sababu si siri. Waya ni kama mfereji: ukiwa mwembamba na mrefu, na wachotaji wakawa wengi, aliye mwisho hupata matone. Waya wetu ulivutwa kwa nyumba chache. Leo nyumba zimesongamana, na zile volti 230 hazimfikii aliye mbali na transfoma. Tena globu ya uzi haina uvumilivu: volti zikipungua 10 katika 100, mwanga hupungua kama 30 katika 100. Zikizidi 5 tu katika 100, umri wa globu huwa karibu nusu. Taa mpya za LED nyingi huuficha ugonjwa huu, lakini mota ya friji haifichi; volti zikishuka hupata moto hata ikaungua, na mama muuza barafu akakosa riziki.

Wapo watuambiao tushukuru, tukumbuke lile giza la Unguja, Disemba 2009 hata Machi 2010. Twalikumbuka. Tuliuza mishumaa, na faida yake twaona haya kuitaja. Lakini tangu 2013 upo waya wa baharini wa megawati 100. Basi umeme bahari umevuka, umekwama kichochoroni?

Tunaloomba ni dogo. Mpimaji aje baada ya magharibi, si saa nne za asubuhi kama alivyokuja, akapima chini ya transfoma, akakuta kila kitu sawa. Apime nyumba ya mwisho, na hesabu aiandike mbele yetu. Nasi tumefungua daftari dukani: kila mtu aje aandikishe siku na saa taa yake ilipofifia, na chombo kilichoungua. Asiyejua kuandika tutamwandikia.