Siku 15 juu ya siku 15: maneno mbele ya vijana wa Kasongo na Kabambare



Leo sitasema juu ya ugonjwa. Nitasema juu ya karatasi.

Tarehe 24 mwezi wa tatu 2020, Korona ikiisha kuonekana Kinshasa, Raisi Tshisekedi alitangaza hali ya dharura ya afya. Safari za kutoka Kinshasa kuja kwenye provensi zikafungwa. Sawa. Katiba, kifungu cha 85, inamuruhusu. Lakini kifungu cha 144 kinafunga kamba: siku 30 zikipita, ordonansi inakufa yenyewe, isipokuwa Bunge na Seneti waruhusu siku 15 zingine. Kisha 15 zingine. Aliyeandika ile alijua tabia ya wakubwa. Ikarefushwa vile mpaka tarehe 21 mwezi wa saba, ikaisha.

Iliisha kweli? Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule amri ya kutotembea usiku ikaja, saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja, na safari hii hakuna hali ya dharura iliyotangazwa. Hakuna kura ya siku 15. Mimi hiyo inaniuma kuliko yote, juu kitu kisichokuwa na siku ya kuisha utakihesabu namna gani?

Sasa tutazame Kivu ya Kaskazini na Ituri. Utawala wa kijeshi, ile eta-de-siej, ulianza tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Siku 30, kisha 15, kisha 15. Kwa mwaka mmoja ni kurefusha zaidi ya mara 20, piga hesabu mwenyewe. Bunge likiwa vakansi, serikali inapewa ruhusa ya kurefusha yenyewe. Kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa korti za kijeshi. Vijana wa LUCHA wa Beni walihukumiwa huko mwaka 2022, walikuwa wameandamana tu. Na Goma? Ilianguka mwezi wa kwanza 2025, gavana akiwa jenerali.

Ninajua kuna watu wetu, wakisikia bunduki upande wa Salamabila, wanasema: hata sisi watuletee ile eta-de-siej. Ninawaelewa. Mutu anayelala porini na watoto hatafuti kifungu cha katiba. Lakini kwanza waulizeni watu wa Beni wamepata nini.

Hatuwaombi wabunge wakatae kila kitu. Tunaomba hivi: kabla ya kunyoosha mukono, serikali isome mbele yao siku 15 zilizopita zilifanya nini, na kila jina la aliyepiga kura lijulikane. Kikao kinafungwa tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili, watarudi huku kutusalimia. Mwenye swali kwa mbunge wake wa Kasongo ao wa Kabambare aliandike leo. Daftari iko hapa mezani, na kalamu iko.