Maboya na Mawe: Somo Tulilolipata Mwaloni

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika na wageni wafadhili, Bariadi)



Nimepewa nusu saa nizungumzie uendelevu wa miradi. Taarifa ya mwaka mnayo mikononi, kwa hiyo sitaisoma. Nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni namna ya kufunga maboya na mawe kwenye kamba ya ndoana.

Najua wengi wenu kutoka Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ni wakulima wa pamba na wafugaji, na samaki mnakutana naye sokoni. Tangu mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, Busega ndiyo wilaya yetu pekee inayogusa Ziwa Victoria. Hata hivyo naomba mnivumilie, kwa sababu kosa nitakalolieleza halikufanyika ziwani. Lilifanyika ofisini, mezani kwangu.

Kosa lilivyotokea

Kikundi kimoja katika mwalo wa Busega kilituomba mkopo wa zana za uvuvi. Wanaume wa kikundi ni wavuvi, na akina mama hununua samaki, huwakausha na kuwauza. Walikuwa wameamua kuachana na kokoro, ambalo ni haramu kwa sababu linakomba mpaka samaki wachanga na kuharibu mazalia. Badala yake walitaka kuvua sangara kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Ilikuwa hatua njema, nasi tuliifurahia.

Tulikaa nao chini ya mti tukaandika mahitaji: kamba, ndoana, ukarabati wa mtumbwi, makoti ya kujiokolea, maboya, mawe ya nanga na kamba zake. Mzee mmoja alisisitiza hayo ya mwisho. Alisema, "Mwanangu, ndoana ndiyo inayokamata samaki, lakini boya ndilo linalokurudishia ndoana." Niliandika maneno yake kwenye daftari langu.

Baadaye bajeti ilizidi kiwango tulichoruhusiwa, ikabidi ipunguzwe. Hakuna mfadhili aliyeniambia nikate nini. Mimi mwenyewe nilichukua kalamu nikafuta mstari ulioandikwa "vifaa vidogo vidogo". Nilijiambia kwamba mawe yapo bure, na maboya watajitengenezea kwa chupa za maji na ndala kuukuu. Makoti ya kujiokolea nikayapunguza, yakabaki mawili kwa mtumbwi wa watu wanne.

Walipokea kamba 3. Katika wiki ya kwanza moja ilipotea kabisa. Ya pili ilinasa kwenye miamba ikakatika. Usiku mmoja vijana wawili wakatoka kuitafuta ile iliyopotea, kwa sababu deni lilikuwa limeanza kuhesabiwa. Upepo ukawakuta mbali na nchi kavu, mtumbwi ukapinduka. Makoti yale mawili walikuwa wamewaachia wenzao waliokwenda kutega upande mwingine. Walishikilia mtumbwi uliopinduka mpaka wavuvi wa dagaa, waliokuwa wakivua kwa taa jirani na hapo, waliposikia sauti zao wakawaokoa.

Ninawashukuru wavuvi wale, na ninamshukuru Mungu. Lakini nilipofika mwaloni asubuhi, mama wa mmoja wa vijana wale hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mratibu, hayo maboya yangegharimu kiasi gani?" Nilikuwa ninakijua kiasi hicho. Kilikuwa kidogo kuliko mafuta ya gari nililokuja nalo.

Kazi ya boya na kazi ya jiwe

Baada ya hapo niliomba nifundishwe. Haya ndiyo niliyoyapata kwa yule mzee na wenzake, pamoja na machache tuliyoyapima wenyewe.

Kamba ya ndoana ina kamba mama, na kwenye kamba mama hufungwa vikamba vifupi, kila kimoja na ndoana yake na chambo. Ikitupwa ziwani hivyo hivyo, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Kama ni ya aina inayozama, hulala chini. Chambo huingia kwenye tope, na ndoana hushika mawe. Kama ni ya aina inayoelea, hubaki juu, mawimbi huisukuma, injini za mitumbwi huikata, au hujiviringisha kwenye zana za wengine. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuijua kamba yako. Chukua kipande, kiloweshe vizuri, kitie kwenye ndoo ya maji, utaona kama kinaelea au kinazama.

Jiwe huishikilia kamba mahali pake, na boya huiinua kutoka kwenye tope na kukuonyesha ilipo. Vitu hivi viwili huvutana, mvuvi ndiye anayeamua kipi kishinde na mahali gani. Mwishoni mwa kamba, pande zote mbili, jiwe lazima lishinde, ili kamba isisafiri. Katikati, maboya madogo yashinde kidogo, ili ndoana ziwe juu ya tope mahali sangara anapopita. Baina ya maboya hayo huwekwa mawe madogo ili kamba isinyanyuke mno. Kina cha kutega hubadilika kwa majira. Katika miezi ya joto maji ya chini kabisa huweza kupungukiwa hewa, na sangara asiyependa maji ya namna hiyo hupanda juu. Pepo za kusi za katikati ya mwaka huyachanganya maji, naye hushuka tena. Asiyesogeza maboya yake kwa majira hulisha chambo kwenye tope.

Sasa vipimo. Dumu tupu la lita 5, likifungwa vizuri, huweza kubeba karibu kilo 5 ndani ya maji. Lakini ukilibebesha zote litazama usilione. Libebeshe nusu yake, nusu nyingine ibaki juu kukabili mawimbi. Jiwe nalo si zito majini kama lilivyo mkononi. Jiwe la kawaida la kilo 10 likiwa majini huvuta kama kilo 6 tu. Tofali la kuchoma hupoteza nusu ya uzito wake au zaidi, na tofali bichi huyeyuka likakuacha na kamba tupu. Wanakikundi walikuwa wanapima mawe kwa mkono wakiwa nchi kavu, ndiyo maana nanga zao zilikuwa zinaburutwa. Siku hizi wanapimia ndani ya pipa la maji. Wanafunga boya na jiwe pamoja, wanatumbukiza na kutazama lipi limeshinda.

Tuligundua pia kwa nini chupa za maji nilizozitegemea mimi hazikufaa. Juu ya maji chupa huelea vizuri. Lakini ikishushwa mita 10, maji huibana mpaka hewa iliyomo hubaki karibu nusu ya nafasi yake ya kwanza. Chupa laini hujikunja, nguvu ya kuinua hupungua, kamba hulala kwenye tope. Vipande vya ndala navyo hubanwa na kuchoka kidogo kidogo. Chupa na ndala zinaweza kusaidia karibu na uso wa maji. Chini zaidi panahitaji boya gumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu kufunga: boya lisifungwe kwa kuviringishwa kwenye kamba mama, maana litaisokota. Lipewe kikamba chake chenye kitanzi, liweze kuondolewa na kusogezwa. Dumu lisifungwe kwenye mpini peke yake, kwa sababu mpini hupasuka kwa jua. Kamba ipite kwenye mpini na kuzunguka shingo pia. Jiwe huponyoka fundo likiwa laini, hivyo livikwe kipande cha wavu mkuukuu kama mfuko, ndipo lifungwe. Kamba inayotoka kwenye nanga hadi kwenye dumu iwe ndefu kuliko kina, kwa theluthi moja hivi, ili wimbi lisiinue nanga. Isizidi sana, maana itaingia kwenye injini za watu. Dumu lipakwe rangi inayoonekana na liandikwe alama ya kikundi.

Niongeze tahadhari moja kwa wazazi. Wapo wanaoyeyusha risasi ya betri za magari jikoni ili kutengeneza chubwi. Moshi na vumbi lake ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi, tena akili zao. Mawe tunayo ya kutosha. Tuyatumie.

Kamba iliyopotea haiachi kuvua

Kuna hasara nyingine ambayo haikuandikwa kwenye taarifa yetu. Kamba iliyopotea huendelea kukamata. Samaki hunasa, hufa, huoza, bila mtu kula wala kuuza. Sheria inatukataza kuvua sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50 ili azaliane kwanza, na kikundi hiki kiliacha kokoro kwa sababu hiyo hiyo. Kisha mimi, kwa kukata mstari mmoja wa bajeti, nikawa nimewaachia ziwani ndoana mamia zisizochagua mkubwa wala mdogo. Kwa hiyo boya lenye alama ni la kulinda ziwa pia, si la kulinda mali ya mvuvi peke yake.

Deni nalo halikuzama pamoja na kamba. Akina mama waliokuwa wadhamini walianza kulipa kwa mauzo ya dagaa na maandazi. Kamati ya mikopo ilikutana, tukakubali kwamba kosa lilikuwa la ofisi. Deni la kamba zilizopotea lilifutwa, na maboya, nanga na makoti ya kujiokolea yakanunuliwa, koti moja kwa kila anayepanda mtumbwi. Kamba iliyobaki, ikiwa imefungwa ipasavyo, ndiyo iliyowainua tena. Leo wanarejesha mkopo wenyewe, na akina mama wamerudi kwenye biashara yao ya samaki.

Tunaondoka na nini hapa?

Wapendwa, katika Mathayo sura ya 17 Petro anatumwa ziwani na ndoana. Sisi Wakristo tunaipenda habari ya sarafu aliyoikuta mdomoni mwa samaki. Mimi siku hizi nafikiria zaidi kwamba Petro alikuwa mvuvi, na Bwana alimtuma kwa kazi aliyoijua. Katika Luka sura ya 14 Bwana anatufundisha tuketi tuhesabu gharama kabla ya kuanza kujenga. Mimi niliketi, nikahesabu, lakini nilihesabu kwa kalamu yangu nikayaacha maneno ya aliyeijua kazi yaliyokuwa kwenye daftari langu. Ushirikishwaji hauishii kwenye kumsikiliza mzee chini ya mti. Mstari wake unapotaka kufutwa, ni lazima aulizwe.

Ninyi wa Meatu na Maswa mtatambua kwamba hamko mbali na ziwa kama mnavyodhani. Pampu ya kisima isiyo na mpira wa akiba ni kamba isiyo na boya. Cherehani iliyokuja bila sindano wala mafuta ni hiyo hiyo. Mbuzi wa maziwa waliotolewa bila dawa ya minyoo, nao ni hao hao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta nyingi tulizojenga upya katika miradi yetu zilianzia kwenye nyufa za namna hii.

Kwa kamati za sharika, ninaomba mambo mawili. Kila andiko la mradi mtakaloleta ofisini kwetu liwe na ukurasa wa vitu vidogo, ulioandikwa na watakaovitumia. Na ofisi yetu ikiwarudishia bajeti iliyopunguzwa, ulizeni kilichokatwa ni kipi kabla ya kuweka sahihi. Msituogope.

Kwa wageni wetu wafadhili, ninaomba jambo moja. Mtumbwi mpya hupendeza kwenye picha, na dumu lililopakwa rangi halipendezi. Tafadhali mtakapoona kwenye bajeti zetu mstari wa maboya, mawe na makoti ya kujiokolea, msiuone kama mahali pa kupunguzia. Na mkituomba tupunguze, tupeni muda wa kurudi mwaloni kuuliza.

Vijana wale wawili wangali wanavua. Wiki iliyopita mmoja wao alinionyesha dumu jeupe likielea mbali, lenye alama nyekundu ya kikundi. Alisema, "Hata usiku nalijua lilipo, sihitaji tena kwenda kulitafuta." Yule mama naye alikuwepo pale akianika samaki. Safari hii hakuniuliza swali.