Kulipa Bima ya Gharika kwa Mafungu ya Kila Mwezi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeagizwa na Halmashauri niseme machache juu ya bima ya gharika. Katika masika ya mwaka 2024 mito ya Kenya ilifurika, watu zaidi ya 200 wakafa, na nyumba nyingi zikabomoka. Siku kama hiyo asiye na bima hutegemea ukarimu wa jirani, naye jirani amelowa kama yeye.

Natoa mfano wa Marekani, ambako Serikali ilianzisha bima ya gharika kwa sheria ya mwaka 1968. Kwa miaka mingi ada ya mwaka mzima ilitakiwa kwa mara moja. Mwenye mkopo wa nyumba aliweza kuiweka kidogo kidogo benki pamoja na marejesho yake, nayo benki ikamlipia. Lakini yule aliyekwisha kumaliza deni, hata akiwa mzee wa pensheni ndogo, alipaswa kutoa fedha zote pamoja. Hivyo aliye huru na deni ndiye aliyebanwa zaidi. Mwaka 2012 Bunge lao liliamuru watu hao waruhusiwe kulipa kwa mafungu, na mwaka 2014 likataja mafungu ya kila mwezi. Hata hivyo kanuni yenyewe ilianza kutumika tarehe 31 Desemba 2024.

Ndugu zangu, hapo pana mafunzo matatu. Kwanza, mafungu hayapunguzi ada. Huugawanya mzigo tu. Pili, asiyelipa fungu lake kwa wakati aweza kupoteza kinga yote. Tatu, bima haingoji mawingu yatande: kule, kwa kawaida, bima mpya huanza kazi baada ya siku 30.

Karani hupata mshahara mwisho wa mwezi, na mchuuzi hupata faida yake siku kwa siku. Ni wachache wenye ada ya mwaka mzima mkononi. Kwa hiyo naomba Halmashauri iyaulize makampuni ya bima hapa nchini: ni lipi litakalopokea ada ya gharika kila mwezi? Na mwanachama akikosa mwezi mmoja, atapewa siku ngapi? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele yetu sote.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Mzigo wa mwaka na tuubandue mwezi kwa mwezi, kabla mto haujafika mlangoni.