Neno na Kidole: Vizazi Vyetu Mbele ya Kompyuta



Hudaiwa kwamba vijana huipokea teknolojia mpya na wazee huikimbia. Dai hilo lina ukweli nusu tu. Mara nyingi kinachomzuia mzee si umri, bali ni neno.

Nianze na nafsi yangu. Tasnifu yangu niliiandaa kwa kadi za karatasi na mashine ya chapa. Kompyuta ilipoingia idarani niliiogopa, nikidhani kwamba kosa moja la kidole lingefuta kazi ya miaka. Wanafunzi wangu walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Kijana alijifunza kwa kidole. Mimi nilitaka kwanza kuambiwa.

Je, lugha ilituambia nini? Sisi wanaisimu tulijadiliana kwa muda mrefu iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuiandaa. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Lakini aliyekwisha kuzoea menyu za Kiingereza hakuona haja ya kuanza upya, na mzee wa kijijini hakuwa na kompyuta.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Katika menyu yake ya Kiswahili mtumiaji hukuta tuma, toa, salio, wakala, namba ya siri. Maneno hayo hayakumtisha mtu. Mama yangu mzazi, ambaye hajapata kuketi mbele ya kompyuta, aliyamudu bila mwalimu.

Tazameni pia vitenzi viwili. Mama huyo huyo hubofya embe sokoni kujua kama limeiva, na hupakua wali chunguni. Mjukuu wake hubofya kitufe na kupakua faili. Vizazi viwili vinatumia vitenzi vile vile. Umbali kati yao ni mfupi kuliko tunavyodhani. Lakini mwambie mama huyo aingize “nywila”, naye atamwita mjukuu.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee anayemkabidhi mwingine siri ya fedha zake kwa kuwa haelewi maandishi ya kwenye kioo amekabidhi pia sehemu ya uhuru wake. Akiibiwa, tutamlaumu kwa uzembe, ilhali kosa lilianza mezani petu.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja. Istilahi isichapishwe kabla ya kusomwa na mzee na kijana walioketi pamoja. Kijana aeleze kinachotendeka. Mzee aseme angekiitaje. Palipo na neno la zamani linalotosha, litumike. Pasipokuwapo, ndipo tuunde.