TAKWIMU ZISEME KWELI



Kila mwaka husomwa mbele yetu taarifa za mapato, za visima na za watoto walioacha shule. Tarakimu hutajwa kwa haraka, nasi twapiga makofi pasipo kuelewa. Lakini asiyeelewa hesabu atadaije haki yake? Hivyo yatupasa kujifunza kuzichora takwimu, ili kila mmoja azione na aweze kuuliza.

Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, jijini London, kikaua watu zaidi ya 500 kwa muda wa siku kumi hivi. Wengi waliamini kwamba chanzo chake ni hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Aliwaeleza hoja zake wasimamizi wa parokia ya Mtakatifu James, nao wakaamuru mpini wa pampu ya Broad Street uondolewe, tarehe 8 Septemba. Wakati huo ugonjwa ulikwisha kuanza kupungua, na wenye mashaka walibaki. Ndipo Snow alipochapisha ramani yenye kistari kimoja kwa kila marehemu, penye nyumba yake. Vistari vilirundikana kuizunguka pampu ile.

Kwa nini alichagua ramani? Kwa sababu swali lake lilikuwa "wapi?" Orodha ya tarehe isingalilijibu. Basi, kabla ya kushika kalamu, tujiulize kwanza swali letu ni lipi. Tukitaka kulinganisha vigango, grafu ya mihimili yafaa. Tukitaka kuona mabadiliko ya miaka mingi, tuchore grafu ya mstari. Tukitaka kuonyesha mgawanyo wa fedha za mfuko mmoja, duara latosha, mradi mafungu yawe machache. Yakizidi, jicho halitambui lipi kubwa, lipi dogo.

Tena tujihadhari, maana picha yaweza kudanganya hata kama tarakimu zake ni sahihi. Tuseme mwaka jana visima vilikuwa 100, na mwaka huu ni 104. Mchoraji akianzisha mihimili yake kwenye 98 badala ya sifuri, mhimili wa kwanza utakuwa na kimo cha 2, na wa pili 6. Macho yataona maendeleo ya mara tatu, kumbe ongezeko ni asilimia 4 tu! Kwa hila kama hiyo kijiji chenye kiu chaweza kuambiwa kimekwisha kunywa.

Kwa hiyo, ndugu viongozi, mnapoletewa grafu, ulizeni: Mihimili yaanzia wapi? Miaka gani imeachwa? Tarakimu zilikusanywa na nani? Nanyi mkichora za kwenu, zibandikeni ukutani pamoja na tarakimu zenyewe, ili kila mtu apate kuzihakiki. Msione haya kuulizwa. Taarifa isiyoogopa maswali ndiyo inayojenga haki, na pasipo haki hakuna amani.