Risasi ya Mkono na Risasi ya Kiwanda

Maongezi yetu ya leo yahusu jambo lionekanalo dogo, lakini roho za watu wengi zimepotea kwa ajili yake: nalo ni ubovu wa risasi na makombora yatokayo viwandani.

Wawindaji wa zamani wa nchi zetu walitumia gobore. Mtu alipima baruti yake mwenyewe, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi, kisha akaweka fataki. Akikosea, wa kwanza kuumia ni yeye. Kwa hiyo alikuwa mwangalifu. Lakini kazi hiyo ilikwenda polepole, wala kipimo cha leo hakikulingana sawasawa na cha jana.

Kiwanda hutengeneza maelfu kwa siku, zote kwa kipimo kimoja. Hiyo ndiyo faida yake. Hasara yake ni kwamba mfanyakazi hamjui atakayeitumia kazi yake, na kosa moja la mashine huweza kurudiwa mara elfu kabla halijaonekana. Risasi iliyotiwa baruti pungufu huweza kukwama ndani ya mtutu; na mpigaji asipotambua, akapiga ya pili, bunduki huweza kumpasukia mkononi.

Na tutazame mfano mmoja. Mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilipungukiwa na makombora ya mizinga. Serikali ikaanzisha Wizara ya Silaha chini ya David Lloyd George. Viwanda vipya vikajengwa, na watu wengi wasiopata kuifanya kazi hiyo kamwe, wanawake kwa wanaume, wakaandikwa. Makombora yakawa mengi, lakini ukaguzi haukuweza kwenda mbio pamoja na mashine.

Tarehe 24 Juni 1916, karibu na mto Somme katika nchi ya Ufaransa, mizinga ya Waingereza ilianza kupiga. Kwa siku 7 ikatupa makombora zaidi ya milioni moja na nusu. Mengi yalizama udongoni yasipasuke, maana fyuzi zake zilikuwa mbovu. Na mengine yalipasuka ndani ya mizinga yenyewe. Askari walipotoka kushambulia asubuhi ya tarehe 1 Julai, mahali pengi waliziona seng'enge za Wajerumani hazijakatika. Siku ile moja Waingereza 19,240 walikufa. Hatusemi kwamba makombora mabovu peke yake yaliwaua. Mengi yaliyopasuka vema hayakuwa ya namna ifaayo kubomoa mahandaki ya kina. Lakini yasiyopasuka hayakumsaidia askari hata mmoja. Hata leo wakulima wa huko huyafukua wanapolima.

Basi, mkaguzi afanyeje? Kombora halijulikani hakika kuwa ni zima mpaka lipigwe, nalo likipigwa limekwisha. Kwa hiyo sehemu zake hupimwa kabla ya kuunganishwa, kisha katika kila fungu huchaguliwa machache, yakapigwa. Yakionekana mabovu kupita kiasi, fungu zima hukataliwa. Ni kama mpishi aonjaye mchuzi kwa kijiko kimoja: asipoukoroga kwanza, kijiko kitamdanganya. Vivyo hivyo yafaa machache hayo yatolewe kila upande wa fungu, si juu tu. Mwaka 1942 wataalamu wa maabara za Bell, akiwamo Harold Dodge, waliliandalia jeshi la Marekani majedwali ya kuonyesha yachaguliwe mangapi, na mabovu mangapi yatosha kulikataa fungu.

Wanafunzi, fahamuni neno hili. Mwenye gobore alijikagua kwa sababu hatari ilikuwa yake. Katika kiwanda hatari ni ya mtu mwingine, aliye mbali, asiyeweza kurudi kudai. Ndiyo sababu kazi ya wengi yahitaji mkaguzi mwenye uhuru wa kusema, "Fungu hili halitoki," hata kama wakubwa wana haraka. Makombora elfu yaliyohesabiwa kiwandani si elfu vitani, ila yale yapasukayo.