Ndege Mbili Zinapokutana Angani

Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi. Nimechagua chombo kiitwacho TCAS, ambacho huzuia ndege kubwa zisigongane angani.

Chombo hiki hakimtegemei mtu aliye chini. Karibu kila sekunde hutoa mawimbi ya redio kuzihoji ndege jirani. Transponda ya ndege ya pili hujibu na kutaja kimo chake. Umbali hupimwa kwa muda ambao jibu limechukua kurudi. (Wanafunzi wa fizikia watatueleza kasi ya mawimbi hayo.) Hatari ikikaribia, rubani hutahadharishwa. Ikizidi, sauti humwamuru apande au ashuke. Hakuna kulia wala kushoto. Na vyombo hivyo viwili hushauriana kwanza, ili mmoja akiambiwa panda, mwenzake aambiwe shuka.

Basi, usiku wa tarehe 1 Julai, 2002, juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, ndege ya abiria ya Urusi, aina ya Tupolev, na Boeing ya mizigo zilikuwa katika kimo kimoja, futi 36,000. Mwongozaji wa ndege huko Zurich alikuwa peke yake akihudumia meza mbili, na simu kuu zimezimwa kwa matengenezo. Akaiamuru Tupolev ishuke. Sekunde chache baadaye chombo kikaiambia ipande, na Boeing ikaambiwa ishuke. Boeing ikatii chombo. Tupolev ikamtii mwongozaji. Zote mbili zikashuka. Walikufa watu 71, wengi wao watoto waliokuwa wakienda likizo Hispania.

Tusiwe wepesi kuwalaumu marubani wale. Sisi watumishi wa serikali tunaujua uzito wa amri ya mwenye mamlaka, na vitabu vya kazi vya wakati ule havikueleza wazi nani atangulie kutiiwa. Tena Januari 2001 ndege mbili za Japani zilikuwa zimekoswakoswa kwa mkanganyiko wa namna hiyo hiyo, na kanuni ikabaki ilivyo. Ilirekebishwa mwaka 2003: amri zikipingana, rubani afuate chombo, kisha amjulishe mwongozaji.

Ila ndege isiyo na transponda haionekani kabisa na chombo hiki. Hapo rubani hurudi kwenye macho yake.

Maswali ya vijana nitayapokea baada ya chai.